Deraya nyeupe, mdudu au mtu-mashine: ni askari gani wa miguu anayetisha kweli katika filamu za anga?

Mlango unatoa cheche. Upande wa ndani, kwenye korido nyeupe ya chombo cha anga, waasi wamejipanga na bunduki zao, na kamera inawapitia nyuso mmoja mmoja. Hakuna anayeongea. Kisha mlango unalipuka, moshi unatanda, na watu waliovaa deraya nyeupe kutoka utosini hadi kisiginoni wanaingia wakifyatua. Wa mbele anaangushwa pale pale kizingitini. Walio nyuma yake hawapunguzi mwendo. Muda mfupi tu baadaye korido ni yao, waasi waliobaki wanatimua mbio na maiti zimelala sakafuni. Hapo ndipo Darth Vader, jemadari wa Himaya inayopigana na waasi hao, anapoingia, kazi ikiwa imeshafanywa na watu wake.

Hivyo ndivyo Stormtrooper walivyoonekana kwenye sinema kwa mara ya kwanza, katika Star Wars ya 1977, na naomba uikumbuke korido hiyo. Wengi wanaosema kwamba askari hawa hawajui kulenga wameshaisahau. Wanakumbuka yaliyofuata baadaye, na kweli yaliyofuata yaliwaharibia jina.

Andiko hili ni la mtu anayetaka kuchagua filamu ya anga ambayo askari wa kawaida wa adui, yule asiye na jina wala sura, anamtia hofu. Simzungumzii jemadari mwenye joho wala jini la mwisho la kupigana na steringi. Nazungumzia wale wa mstari wa mbele, wanaokuja kwa makundi. Nitalazimika kutaja nani anakufa na wapi, maana bila hivyo ulinganisho hauwezekani. Kama kuna filamu humu hujaitazama na hutaki kujua, ruka aya yake.

Kwanza kipimo. Watu wengi hupima kwa shabaha: askari amefyatua mara ngapi, amepata mara ngapi. Kipimo hicho kinapotosha. Hata katika vita vya kweli risasi nyingi hazimpati mtu. Nyingi hufyatuliwa ili adui asiinue kichwa, wenzako wapate nafasi ya kusogea. Risasi iliyokosa imefanya kazi yake ikiwa imemlaza mtu chini. Kwa hiyo acha kuhesabu risasi, mtazame steringi. Zinapopita karibu yake, anainama? Anakata njia nyingine? Anaacha alichokuja kukifanya? Au anasimama wima, anachagua pa kupiga, na kutupa maneno ya utani? Mwili wake unakuambia kila kitu kuhusu adui aliye mbele yake. Baada ya hapo uliza jambo la pili: kuna mtu tunayemjua kwa jina aliyeuawa na askari wa kawaida?

Jeshi moja, sura tofauti

Nusu ya kwanza ya Star Wars inawajenga Stormtrooper kwa uangalifu mkubwa. Baada ya korido, Leia, binti mfalme aliye upande wa waasi, anamwua mmoja wao, anageuka kukimbia, na risasi moja tu ya kupumbaza inamwangusha. Jangwani, Obi-Wan, mzee wa kundi la wapiganaji waitwao Jedi, anakagua gari la wachuuzi waliouawa na kutambua nani wamehusika kwa sababu ya usahihi wa matundu ya risasi. Luke, kijana anayefuatana naye, anakimbilia nyumbani na kukuta mifupa ya mjomba na shangazi yake ikifuka moshi mlangoni. Hatuonyeshwi walivyouawa, na hakuna haja. Hadi hapo, ukisikia neno Stormtrooper mwili unasisimka.

Kisha tunafika ndani ya Death Star, ngome ya anga ya Himaya. Luke na Leia wanasimama ukingoni mwa shimo lisilo na daraja, hawana pa kujificha, askari wako juu ng'ambo ya pili wakiwamiminia moto, na hakuna hata nguo inayoguswa. Leia anapata hata nafasi ya kumbusu Luke kabla hawajaning'inia kwenye kamba. Mtu mwenye nafasi ya kubusu hayuko hatarini, na mtazamaji analijua hilo bila kuambiwa. Han Solo, rubani wao, naye anafukuza kundi zima peke yake akipiga kelele, wao wanakimbia, hadi wanapofika ukomo wa korido na kugeuka ndipo naye anageuka. Katika toleo jipya la 1997 wameongezewa ukumbi mzima wa askari waliosimama wakimngoja. Mimi napendelea lile la zamani. Askari wachache wanaogeuka kwa sababu hawana pa kwenda bado wana hatari ya mnyama aliyebanwa. Jeshi zima linaloshindwa kumpata mtu mmoja limebaki pambo.

Filamu yenyewe ina utetezi, na ni utetezi mzuri. Leia anasema waziwazi kwamba wameachwa watoroke, na tunaelezwa kwamba kifaa cha kufuatilia kimefichwa ndani ya chombo chao. Kwa hiyo askari wale walikuwa wakikosa kwa makusudi, au angalau wakubwa wao walitaka iwe hivyo. Maelezo hayo yanaridhisha akili. Macho, hata hivyo, yameshaona walichokiona, na katika filamu za mapigano macho ndiyo yanayotunza kumbukumbu. Ongeza yule mmoja anayejigonga kichwa kwenye mlango akiingia chumba cha udhibiti, kosa lililobaki kwenye filamu, na ambalo katika toleo la DVD la 2004 liliongezewa hadi sauti ya mgongano. Waliotengeneza filamu wenyewe walikuwa wameshakubali kwamba askari hawa wachekwe.

Return of the Jedi ya 1983 ndiyo iliyowamaliza. Mtawala wa Himaya anajigamba kwamba kikosi kizima cha askari wake bora kinawangoja waasi msituni Endor. Kisha kikosi hicho bora kinapigwa kwa mawe, mitego ya kamba na magogo na Ewok, viumbe wenye manyoya wanaomfikia mtu kiunoni. Sina ugomvi na wazo lenyewe. Wenyeji wanaoujua msitu wao wamewahi kuyashinda majeshi yenye silaha bora mara nyingi katika historia. Ugomvi wangu ni kwamba askari wale hawajifunzi kitu tangu mwanzo wa pambano hadi mwisho. Kuna kisa kimoja tu kinachokumbusha hatari: Ewok wawili wanarushwa na mlipuko, mmoja anainuka na kumtikisa mwenzake, mwenzake haamki, naye anakaa chini kando yake. Picha hiyo ni fupi sana. Ingeachwa ipumue kidogo, vita vyote vya Endor vingekuwa na uzito mwingine. Leia pia anapigwa risasi ya bega, lakini dakika chache baadaye anatabasamu.

Sasa ilinganishe na Rogue One ya 2016, iliyoongozwa na Gareth Edwards. Deraya ni zile zile na Himaya ni ile ile. Katikati ya filamu hata yeye Edwards anawadhalilisha: kwenye mitaa ya Jedha, Chirrut, ambaye ni kipofu, anawachapa Stormtrooper kwa fimbo mmoja baada ya mwingine kama anayepura mtama. Lakini kule Scarif, ufukweni, hesabu inabadilika. K-2SO, roboti aliyetuchekesha filamu nzima, anabaki kulinda mlango na kupigwa risasi na askari wa kawaida, risasi juu ya risasi, hadi anazimika. Bodhi, rubani aliyetetemeka tangu mwanzo na hatimaye akapata ujasiri, anauawa na bomu la mkono lililorushwa ndani ya chombo chake na askari ambaye hata hatumkumbuki. Hakuna hotuba. Bomu linagonga sakafu, analitazama, basi. Hicho ndicho kifo cha vitani, na ndicho kinachowarudishia Stormtrooper heshima waliyokuwa nayo kwenye ile korido ya 1977. Wale wenye deraya nyeusi, death trooper, wanatisha kwa namna nyingine: sauti zao zimevurugwa hivi kwamba huelewi wanachoambizana. Adui anayepanga jambo mbele yako kwa lugha usiyoisikia anatisha kuliko anayepiga kelele.

Kuna sura nyingine tena ya jeshi hili, nayo ndiyo inayoniuma zaidi. Katika Revenge of the Sith ya 2005, askari wa nakala, wote wakiwa na sura ya mwigizaji Temuera Morrison, wanapigana bega kwa bega na Jedi kwa sehemu kubwa ya filamu. Halafu amri moja inatolewa. Ki-Adi-Mundi yuko mbele kwenye daraja, anawaita wasonge naye, anageuka kuona kwa nini wamesimama, na bunduki zote zinamwelekea. Hakuna aliyekosa shabaha siku hiyo. Deraya zote za askari hao zilichorwa kwa kompyuta. Hakuna hata moja ya kuvaliwa iliyotengenezwa. Kwa kawaida askari wa kuchorwa hana uzito, unamwona anateleza juu ya ardhi. Hapa udhaifu huo unageuka faida. Wanasimama sawasawa mno, wanageuka pamoja mno, na ukimya wao una ubaridi ambao mtu wa kweli ndani ya deraya asingeuweza.

The Force Awakens ya 2015 ilijaribu kitu ambacho natamani ingekifikisha mwisho. Stormtrooper aliyepigwa risasi anakufa akiwa ameshikwa na mwenzake na kumwachia alama za damu kwenye kofia yake nyeupe. Huyo mwenzake ni Finn, anavua kofia, ana hofu, anakataa kuua wanakijiji. Ghafla askari asiye na sura ana sura. Lakini punde tu Finn yuleyule anatoroka kwa chombo, anawafyatulia waliokuwa wenzake jana, na anashangilia. Filamu ilifungua mlango wa hatari ya aina mpya, kwamba nyuma ya kila kofia kuna mtu aliyechukuliwa utotoni, kisha ikaufunga.

Roboti za vita kwa kifupi

Roboti wembamba wa The Phantom Menace ya 1999 hawatishi, wala sidhani walikusudiwa kutisha. Wanakatwa kama mabua, hawana damu, na chombo kinachowaongoza kikilipuliwa wote wanadondoka kwa pamoja. Adui wenye kitufe kimoja cha kuwazima ni ushindi wa bei rahisi, na ugonjwa huu umeambukiza filamu nyingi baada ya hapo. Ila ndani ya filamu hiyohiyo kuna roboti wanaojiviringisha kama tairi, wanakunjuka, wanawasha ngao, na kuanza kufyatua bila kupumzika. Mwanzoni mwa filamu Jedi wawili wanakutana nao na uamuzi wao ni kukimbia. Jedi wamekimbia! Kwa kipimo nilichokitaja, sekunde hizo chache zinawapa roboti hao hadhi kuliko maelfu ya wenzao kwenye uwanja wa majani.

Wadudu: Aliens au Starship Troopers?

Hapa ndipo uchaguzi unakuwa mgumu, na ndipo ningependa ukae kidogo.

Mwaka 1979, Ridley Scott alionyesha kiumbe mmoja tu ndani ya chombo kimoja, na huyo mmoja alitosha kuwamaliza karibu wote. Mwaka 1986 James Cameron akafanya la hatari: akawaleta wengi. Kawaida kitisho kikigawanywa kwa mia, kila mmoja anabaki na hofu kiduchu. Jini aliyekuwa peke yake anageuka askari wa miguu, na askari wa miguu hufa kwa risasi. Na kweli, katika Aliens viumbe hawa wanakufa kwa risasi, wengi tu. Kwa nini basi bado wanatisha?

Sababu ya kwanza ni kwamba kuwaua kunagharimu. Damu yao ni tindikali. Mwanajeshi Drake anafika mlangoni mwa gari la kivita, mwenzake Vasquez anampiga risasi kiumbe aliye karibu, amelenga vizuri, na damu inamrukia Drake usoni na kumwua. Baadaye Koplo Hicks anaunguzwa vivyo hivyo mlangoni mwa lifti. Yaani katika filamu nyingine steringi anaogopa adui akipata shabaha. Hapa anaogopa hata akipata yeye.

Sababu ya pili ni kwamba wanajeshi wanaingia vitani wakiwa wamefungwa mikono, na kwa sababu inayoeleweka. Kiota kiko chini ya mitambo ya kupoza kinu cha nyuklia. Risasi zikiipasua, kituo kizima kitalipuka. Luteni Gorman anaamuru wakusanye magazini zote za risasi. Watu waliotamba na bunduki nusu saa iliyopita sasa wana mitambo ya kurusha moto na mifuko mitupu, isipokuwa wachache waliokaidi amri kwa siri. Hatujamwona adui bado, na tayari tunaogopa.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa kwangu: wanafikiri. Umeme unakatika, na mmoja wa wanajeshi anashindwa kuamini kwamba wanyama wanaweza kukata umeme. Kisha inakuja ile hali ya kifaa cha kunasa mwendo. Milango imechomelewa. Kifaa kinalia, umbali unatajwa, unapungua, unapungua tena, hadi namba inakuwa ndogo kuliko urefu wa chumba walichosimama. Wanabishana kwamba kifaa kimekosea. Mlango haujaguswa. Halafu Hicks anainua macho, anasukuma kipande cha dari, anachungulia na tochi yake. Tazama uso wake kabla hujatazama anachokiona. Hakuna risasi iliyofyatuliwa, na hicho ndicho kilele cha hofu katika filamu yote.

Wanaotoka kwenye sayari ile ni steringi Ripley, mtoto Newt, Hicks aliyejeruhiwa, na Bishop, mtu-mashine wa kikosi, ambaye punde anakatwa vipande viwili. Kikosi kilikuwa kimejaa watu wenye majina, vituko na majivuno yao. Wengi wao walichukuliwa na askari wa kawaida wa upande wa pili. Malkia wa viumbe hao anakuja baadaye.

Starship Troopers ya Paul Verhoeven, 1997, inakwenda njia nyingine kabisa: wingi. Wadudu wanatoka kwenye mabonde kama siafu waliokanyagwa, na kila mmoja ana miguu inayotoboa mtu kama mkuki. Uvamizi wa kwanza wa sayari ya Klendathu ni maangamizi. Taarifa ya habari ndani ya filamu yenyewe inatangaza vifo 100,000 katika saa moja. Johnny Rico anachomwa paja na kuandikwa miongoni mwa waliokufa. Unaona askari wanne watano wamemzunguka mdudu mmoja, wote wanammiminia risasi, na bado anakuja. Mafunzo ya filamu yanasema ukimkata mguu mmoja bado anaweza kupigana karibu kwa nguvu zake zote, na uwanja wa vita unathibitisha.

Kwa hiyo mdudu mmoja wa Verhoeven ana nguvu kuliko Stormtrooper kumi. Je, anatisha kuliko kiumbe wa Cameron? Kwangu hapana, na kosa si lake. Ni la walio mbele yake. Wanajeshi wa Starship Troopers wanapigana vibaya mno: hawana magari ya kivita, wanakimbia uwanjani wamebanana, wanapiga kelele. Verhoeven alikusudia hivyo, maana filamu yake inaonyesha taifa linalowalea vijana wake kwa ajili ya kuchinjwa, na kufikia mwisho, mdudu mkubwa anapokamatwa na umati kushangilia kwamba anaogopa, unaanza kujiuliza ni upande upi ulipaswa kukutia hofu. Hilo ni jambo zito, na linaifanya filamu idumu. Lakini hofu ya mtu anayeangamizwa kwa uzembe wa wakubwa wake ni tofauti na hofu ya mtu aliyefanya kila kitu sawasawa na bado adui kapita darini.

Waliomezwa, na waliofunzwa kuua

Borg, watu-mashine wa Star Trek: First Contact, 1996, hawakimbii. Hilo peke yake linatosha kuwatofautisha. Wanatembea polepole, na usipowasumbua wanakupita kama hupo. Ukiwapiga, wa kwanza anaanguka, labda na wa pili, kisha silaha yako haifai tena, kwa sababu wote wamejifunza kutokana na kifo cha mmoja. Linganisha na kikosi cha Endor kisichojifunza chochote! Hapa kila risasi inayopata inapunguza thamani ya inayofuata. Na mwenzako akikamatwa, saa chache baadaye anarudi akiwa mmoja wao. Kuna pahali nahodha Picard anawaua Borg wawili kwa bunduki ya zamani, anaendelea kuwafyatulia hata baada ya kuanguka, na inabainika kwamba mmoja alikuwa kijana wa chombo chake, Lynch. Picard hajali. Askari wa adui aliyemfanya nahodha mpole awe hivyo amemjeruhi bila kumgusa.

Udhaifu wa filamu hii ni kwamba kadiri malkia wao anavyochukua nafasi ya kuzungumza, Borg wa kawaida wanarudi nyuma na kuwa mapambo ya ukutani. Nusu ya kwanza ni bora kuliko ya pili kwa hofu ya aina hii.

Sardaukar, askari wa mtawala mkuu katika Dune ya Denis Villeneuve, 2021, ni binadamu watupu, na nilipowaona nilifikiri hatimaye mtu amelitatua tatizo la Stormtrooper. Tunawakuta kwenye mvua huko Salusa Secundus wamesimama safu kwa safu, mtu anakoroma wimbo wa kooni, na damu ya wafungwa waliotundikwa inatumika kuwapaka mapaji. Hawajampiga mtu bado. Wanaposhuka kwenye kituo cha utafiti, wanashuka bila sauti, wakielea hadi ardhini. Na kwa kuwa watu huvaa ngao za nguvu zinazozuia kitu chenye kasi, risasi hazina kazi. Kifo kinakuja kwa jambia lililopunguzwa mwendo makusudi ili lipenye. Suala la kukosa shabaha limefutwa kabisa. Duncan Idaho, mpiganaji bora kuliko wote tuliowaona, anafunga mlango ili wengine watoroke, anachomwa, anainuka tena, na bado wanamshinda. Mwanasayansi Liet-Kynes wanamchoma mgongoni.

Ila tazama kinachotokea katika sehemu ya pili, 2024. Sardaukar haohao wanafagiliwa mwishoni na Fremen, wenyeji wa jangwani, na minyoo wakubwa. Kihadithi ni haki. Steringi Paul amekua na jeshi lake limekua. Lakini ni mkondo uleule uliowapeleka Stormtrooper kutoka korido ya 1977 hadi magogo ya 1983. Adui wa miguu anatisha zaidi katika filamu yake ya kwanza, akiwa bado mkubwa kuliko steringi. Ukitaka kumwonja akiwa mkali, anza na filamu ya kwanza na usiwe na haraka ya kufika ya mwisho.

Basi uchague ipi?

Kama unatazama na watoto, chukua Star Wars ya 1977 bila wasiwasi. Askari wake wanatisha kidogo mwanzoni na kuchekesha baadaye, na kwa mtoto mchanganyiko huo ni mzuri, mradi umfunike macho kwenye mifupa ya mjomba. Return of the Jedi nayo inafaa. Revenge of the Sith ningeisubirisha hadi awe mkubwa kiasi, kwa sababu ya usaliti kuliko mapigano.

Kama wewe ni mpenzi wa Star Wars na umechoka kuambiwa kwamba jeshi lake halijui kulenga, Rogue One ndiyo jibu lako. Vumilia Jedha, ingoja Scarif.

Kwa anayependa adui mwenye nidhamu, kimya na uzito wa kiibada, Dune ya 2021 haina mpinzani, ingawa ujue Sardaukar wana dakika chache kuliko kumbukumbu yao inavyodai. Anayetaka maangamizi ya wazi na fikra chungu baada yake, Starship Troopers, lakini haifai kabisa kwa watoto wala kwa mtu asiyependa damu. First Contact inamfaa yule anayeogopa zaidi kupotea kuliko kufa.

Na kama una usiku mmoja tu, tazama Aliens. Kuna toleo la sinema na kuna toleo refu lililotoka baadaye; kwa swali letu hili chagua refu, kwa ajili ya kisa kimoja. Wanajeshi wametega bunduki zinazojifyatulia kwenye korido, na wao wamekaa kwenye skrini wakitazama idadi ya risasi ikishuka. Viumbe wanakuja, wanakufa, wanakuja tena juu ya maiti za wenzao. Namba inashuka hadi kumi. Kisha wanarudi nyuma. Ndani ya chumba wanajua kwamba wakija mara moja tu zaidi hakuna cha kuwazuia, na tumaini lao lote ni kwamba wale viumbe hawajui hivyo. Kwenye korido ile hawakurudi tena. Walitafuta njia nyingine, na Hicks alipoinua tochi kwenye dari walikuwa wameshafika.